Vidonge vya Mifupa na Meno ya Mtoto: Historia Inatufunza Nini?

Kama una maharagwe jikoni, punguza moto kidogo, uvute kiti ukae nasi. Mazungumzo ya leo yanahusu mtoto wako, pesa zako, na ule mkebe wa vidonge ulioko juu ya kabati.

Tuseme binti yako ana miaka kumi na mitatu. Meno yake ya mbele yamepandana, na anapocheka hufunika mdomo kwa mkono. Baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu umempeleka kwa daktari wa meno, naye amemwekea waya za kunyoosha meno. Daktari amekuambia kazi hiyo itachukua kama miaka miwili. Unapofika nyumbani, jirani anakuuliza: "Miaka miwili ya nini? Mnunulie vidonge vya kalsiamu na vitamini D, meno yatasogea upesi." Jirani wa pili naye anakataa: "Usithubutu! Vidonge hivyo vitaugandisha mfupa uwe kama jiwe, jino halitasogea hata kidogo."

Je mama, utamsikiliza nani?

Leo hatutakimbilia jibu. Kwanza tutapitia historia, kwa sababu swali hili lina watu wengi nyuma yake: mabaharia waliong'oka meno baharini, watoto waliopinda miguu katika miji yenye moshi, na akina mama waliowapa watoto wao dawa nzuri kupita kiasi.

Jino husogea vipi?

Kunyoosha meno si jambo la juzi. Karibu miaka elfu mbili iliyopita, mwandishi Mrumi aitwaye Celsus alishauri hivi: mtoto akiota jino jipya kabla la utotoni halijatoka, lile la zamani ling'olewe, na lile jipya lisukumwe kwa kidole kila siku mpaka lifike mahali pake. Mwaka 1728, daktari wa meno wa Ufaransa, Pierre Fauchard, alichapisha kitabu kikubwa ambamo alieleza jinsi ya kufunga meno yaliyopinda kwenye ukanda wa madini ili yavutwe polepole.

Watu walijua kwamba jino likisukumwa husogea. Lakini linapitaje kwenye mfupa? Jino halisogei kama mwiko ndani ya uji. Limezungukwa na mfupa mgumu pande zote.

Jibu lilitoka Uswidi. Mwaka 1904 na 1905, daktari Carl Sandstedt alichapisha matokeo ya majaribio yake. Aliwafunga mbwa waya menoni, akayasukuma meno yao kwa muda wa wiki tatu, kisha akaitazama mifupa ya taya zao kwa hadubini. Upande ambao jino lilikuwa linasukumiwa, mfupa ulikuwa umeliwa. Upande wa nyuma, jino lilikotoka, mfupa mpya ulikuwa umejengwa. Aliona pia kwamba nguvu ikizidi, ile nyama nyembamba inayoshikilia jino hufa pale inapobanwa, na jino hukwama kwa muda.

Hebu fikiria unataka kuhamisha nguzo kidogo katika ukuta wa nyumba ya udongo. Upande mmoja unachimba. Upande wa pili unajaza udongo mpya na kuushindilia. Ukichimba haraka bila kujaza, nguzo italegea. Katika mfupa wa taya mna mafundi wa aina hizo mbili. Kuna chembe za kubomoa na kuna chembe za kujenga, na zote hufanya kazi mchana na usiku, katika mwili wa mtoto na wa mtu mzima, awe na waya au asiwe nazo. Waya ya daktari huwaelekeza tu mafundi hawa wapi wabomoe na wapi wajenge. Ndiyo maana jino husogea kama milimita moja tu kwa mwezi.

Sasa, mafundi hao wanahitaji vifaa. Vifaa hutoka kwenye chakula na kwenye jua. Hapo ndipo habari ya vidonge inapoingia.

Mabaharia na kiseyeye

Zamani, mabaharia wa Ulaya waliokaa miezi baharini wakila biskuti kavu na nyama ya chumvi waliugua kiseyeye. Fizi zilivimba na kutoa damu, na meno yalilegea na kung'oka. Mwezi wa Mei mwaka 1747, James Lind, aliyekuwa daktari katika meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, aliwachukua wagonjwa 12 akawagawa wawili wawili. Kila jozi ilipewa kitu tofauti: wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Wale wa machungwa walipata nafuu upesi kuliko wote, na mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini baada ya siku sita. Hata hivyo, ilikuwa mpaka mwaka 1795 ndipo jeshi hilo la wanamaji lilipoamua kuwapa mabaharia wake maji ya limau.

Leo tunajua sababu. Vitamini C ndiyo inayouwezesha mwili kutengeneza nyuzi imara zinazolishikilia jino kwenye mfupa, na hata mfupa wenyewe hujengwa juu ya nyuzi za namna hiyo. Vitamini hiyo ikikosekana, kamba hulegea na jino hutikisika.

Angalia funzo la kwanza, mama. Limau liliwaponya mabaharia kwa sababu walikuwa wamelikosa. Lilijaza pengo. Halikumpa baharia mzima meno ya chuma.

Watoto wa mjini na matege

Ugonjwa wa pili ni matege. Mifupa ya mtoto huwa laini, miguu hupinda kama upinde, vifundo vya mikono huvimba, na meno huchelewa kuota. Mwaka 1650 daktari Mwingereza Francis Glisson aliandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huu. Mwaka 1822 daktari wa Poland, Jędrzej Śniadecki, aliona kwamba watoto wa mji wa Warsaw waliugua kuliko watoto wa mashambani, akashauri watoto watolewe nje juani. Viwanda vilipoongezeka Ulaya, moshi ulilifunika jua, na matege yakaenea katika mitaa ya maskini.

Mnamo 1918 huko London, Edward Mellanby aliwafungia watoto wa mbwa ndani ya nyumba na kuwalisha uji zaidi. Walipata matege. Alipowapa mafuta ya ini la samaki, walipona. Mkewe, May Mellanby, alikuwa mtafiti pia, naye aliangalia meno. Watoto wa mbwa waliokosa mafuta hayo walichelewa kuota meno, meno yao yalikuwa na ganda hafifu, na mengine yalikaa ovyo katika taya. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi kwamba chakula cha mtoto anayekua huamua pia jinsi taya na meno yake yatakavyojengeka.

Huko Berlin mwaka 1919, Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto wenye matege kwa mwanga wa taa ya pekee. Mwaka 1921 huko New York, Alfred Hess na mwenzake waliwaponya watoto kwa kuwaanika juani tu, juu ya paa la hospitali. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani alionyesha kwamba kile kilichomo kwenye mafuta ya ini la samaki na kinachoponya matege ni vitamini mpya, ambayo iliitwa D. Kumbe jua na mafuta yalikuwa yanafanya kazi moja. Ngozi ikipata jua, mwili hujitengenezea vitamini D wenyewe, na vitamini hiyo ndiyo inayousaidia utumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula.

Na hapa kwetu Afrika?

Pengine unasema, "Sisi tuna jua mwaka mzima, hayo ni ya Wazungu." Subiri kidogo.

Mwaka 1931, John Boyd Orr kutoka Uskoti na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya serikali ya kikoloni nchini Kenya, walichapisha ripoti iliyolinganisha chakula na afya ya Wamaasai na Wakikuyu. Waliandika kwamba wanaume Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, walikuwa warefu kwa wastani wa kama sentimita 13 kuliko wanaume Wakikuyu, ambao chakula chao kikubwa kilikuwa nafaka. Kwa Wakikuyu waliona pia meno yaliyooza na mifupa iliyopinda kwa wingi zaidi. Wataalamu wa baadaye waliikosoa ripoti hiyo, wakisema iliwatazama watu kwa jicho la mkoloni na haikujali mambo mengine yanayotofautisha jamii hizo mbili. Lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo mama wa Kenya angependa kulisikia. Tofauti kati ya wanawake ilikuwa ndogo kuliko kati ya wanaume, kwa kuwa wanawake wa Kikuyu walikula zaidi mboga za majani zenye kalsiamu. Mboga za nyanya zetu hazikuwa chakula cha shida.

Mfano wa pili unatoka Nigeria. Huko kuna jua tele, na bado watoto wengi walipata matege. Tom Thacher na wenzake waliwatibu watoto 123, wakatoa matokeo yao mwaka 1999. Watoto hao walikuwa wanapata kalsiamu kidogo sana, kama miligramu 200 tu kwa siku. Baada ya wiki 24, waliopewa vitamini D peke yake walipona asilimia 19. Waliopewa kalsiamu peke yake walipona asilimia 61. Waliopewa vyote viwili walipona asilimia 58.

Umeona, mama? Vitamini D inasifiwa kote duniani, lakini kwa watoto hao haikuwa ndiyo iliyopungua zaidi. Ukijaza pengo lisilokuwepo, lile lililopo linabaki wazi. Ndiyo maana mtoto apimwe kwanza.

Dawa nzuri iliyozidi

Sasa tuende upande wa pili wa historia hii.

Wakati wa vita vikuu vya pili na baada yake, serikali ya Uingereza iliamua kuyamaliza matege. Vitamini D ilitiwa kwenye maziwa ya unga na kwenye vyakula vya watoto wachanga, na akina mama walipewa mafuta ya ini la samaki. Nia ilikuwa njema. Lakini mama mwenye bidii alimpa mtoto vyote vitatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari walianza kuwaona watoto wachanga waliokataa kula, waliotapika, na walioshindwa kuongeza uzito. Damu yao ilikuwa imejaa kalsiamu kupita kiasi, na figo zao zilikuwa hatarini. Mwaka 1957 kiwango cha vitamini hiyo katika vyakula hivyo kikapunguzwa. Mwaka 2011 watafiti waligundua kwamba kuna watoto wanaozaliwa na miili isiyoweza kuivunjavunja vitamini D ya ziada, na hao ndio huumia upesi zaidi. Kwa kumtazama tu usoni, huwezi kumjua mtoto wa namna hiyo.

Tusisahau kwamba akina mama hao hawakuwa wazembe. Walikuwa wale wenye kujali zaidi.

Hapa Kenya tunao mfano wetu. Sehemu za Bonde la Ufa, kama Nakuru na Naivasha, zina maji yenye floraidi nyingi. Floraidi kidogo hulilinda jino. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanajengeka, meno hutoka na madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huumiza hata mifupa. Kwa hivyo mama wa huko akiletewa vidonge vya floraidi kutoka ng'ambo, amwonyeshe daktari kwanza.

Je, vidonge huharakisha meno?

Sasa turudi kwa majirani wetu wawili.

Watafiti wamelichunguza swali hilo kwa wanyama kwa miaka mingi. Mwaka 1984 watafiti waliwachukua panya, wakawanyima kalsiamu, kisha wakayasukuma meno yao. Meno yalisogea haraka zaidi. Kwa nini? Kwa sababu mfupa ulikuwa umepungua na kudhoofika. Kumbuka ile nguzo yetu: udongo ukiwa hafifu, nguzo husogea upesi, lakini ni nani atakayeifurahia nyumba hiyo? Hapo tunajua kwamba haraka si dalili ya mfupa wenye afya.

Mwaka 1988 huko Marekani, Collins na Sinclair waliwadunga paka dawa inayotokana na vitamini D, si mdomoni kama kidonge, bali moja kwa moja kwenye nyama inayoshikilia jino. Baada ya siku 21, meno yaliyodungwa yalikuwa yamesogea asilimia 60 zaidi. Habari kama hizi ndizo huvuma, zikafika sokoni zikiwa zimebadilika, mtu akaambiwa kidonge cha vitamini D huharakisha meno. Lakini sindano ndani ya fizi ya paka si kidonge ndani ya tumbo la mtoto. Majaribio yaliyofanywa kwa watu tangu wakati huo ni machache na madogo, na majibu yake hayalingani. Hakuna ushahidi wa kutosha wa kumfanya mama anunue vidonge ili waya zitoke mapema.

Jirani wa pili naye hakusema kweli. Kalsiamu ya kawaida ya chakula haiugandishi mfupa ukawa jiwe. Mfupa wenye afya hubomolewa na kujengwa kila siku, na ndiyo sababu daktari anaweza kuusogeza.

Ufanye nini basi?

Kwanza, mwangalie mtoto wako anakula nini. Waya zinapokazwa, meno huuma siku chache, na mtoto wengi wetu tunamwachia chai na mkate tu. Huo ndio wakati mafundi wake wanahitaji vifaa. Mpe maziwa au maziwa lala, mayai, maharagwe yaliyopondwa, omena zilizosagwa ndani ya mchuzi, sukuma wiki, terere na managu iliyoiva vizuri. Mpe papai, embe au chungwa lililokatwa vipande vidogo. Vyakula hivi ni laini na vinapatikana sokoni.

Pili, kwa mtoto mchanga, endelea kumnyonyesha. Maziwa ya mama ni bora kuliko yote, lakini yana vitamini D kidogo. Kwa hivyo mtoe nje apate jua la wastani, mikono na miguu ikiwa wazi. Kumfunga mablanketi na kumweka ndani ya chumba kisicho na dirisha kila siku si kumlinda.

Tatu, ukiona miguu inapinda, vifundo vya mikono vimevimba, anachelewa kutembea, au amepita mwaka mmoja na miezi kadhaa bila jino hata moja, usiende dukani. Nenda kliniki. Huko watampima, na wakiona pengo watakupa dawa na kipimo chake.

Nne, daktari akimwandikia mtoto vidonge, mpe kama alivyoandikiwa, usikatize wala usiongeze. Na kila dawa au kirutubisho anachotumia, mwambie daktari wa meno.

Tano, waya zikitolewa, binti atapewa kifaa cha kushikilia meno. Asikiache. Nguzo imefika mahali pake, lakini udongo bado haujakauka. Meno mengi hurudi yalikotoka kwa sababu ya kukiacha kifaa hicho.

Mambo ya kukumbuka

Jino husogea kwa sababu mfupa hubomolewa upande mmoja na kujengwa upande wa pili, na kazi hiyo ina mwendo wake.

Vidonge husaidia pale palipo na upungufu. Mtoto asiye na upungufu hapati faida zaidi kwa kuongezewa.

Vitamini D na kalsiamu zikizidi huumiza. Usichanganye mikebe miwili au mitatu bila kuuliza.

Chakula cha nyumbani na jua la wastani ndiyo mwanzo. Kliniki ndiyo inayofuata. Duka la dawa ni la mwisho, tena ukiwa na karatasi ya daktari mkononi.

Binti yako atafunika mdomo kwa muda mfupi zaidi, kisha siku moja utamsikia akicheka mpaka nje ya nyumba. Mpe muda, mama. Ule mkebe ulioko juu ya kabati, uchukue kesho uende nao kliniki, uulize.

Ukimwona jirani ambaye hakusikia kipindi hiki, mwambie.